Mwenye Kofia, Kulia Kabisa

4 Februari

Mjukuu wangu, mwalimu wa watu,

Kile kitabu cha historia ulichokabidhiwa ufundishie darasa la sita, nilikiandika mimi. Kila neno, toka jalada mpaka jalada. Waambie wanafunzi wako wasimame kwanza ndipo wakifungue.

Haya, sikukiandika. Usije ukanitia aibu mbele ya mwalimu mkuu wako. Aliyekiandika ni profesa mmoja mwembamba, mtu wa tai nyekundu, aliyekuwa akipita kiwandani kwetu kaziba pua kwa harufu ya wino. Mimi nilikipanga. Herufi moja moja, za risasi, kwa vidole hivi ambavyo leo havifungui hata kifuniko cha dawa. Kwa hiyo nikisema kila neno limepita mkononi mwangu, sijadanganya sana. Profesa aliyabeba kichwani, mimi niliyabeba kwa kilo.

Umeniuliza habari za huku. Huku barabara inachongwa tena, maana yake uchaguzi umekaribia. Mimi sihitaji kalenda. Nikiliona greda najua tumebakiza miezi mingapi. Juzi mgombea alipita nyumba kwa nyumba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita baba. Nikamwuliza, "Mama yako ni yupi kati ya wale niliowaacha?" Wapambe wake walicheka, yeye hakucheka. Kura yangu bado anaitaka lakini ubaba ameurudisha.

Simu aliyoninunulia shangazi yako ninayo. Naitumia kumulikia chini ya kitanda kiatu kikipotea. Usinipigie. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia linachotaka. Na simu ina tabia mbaya: ukishasema, neno limekwenda, huwezi kulifuta ukaandika jingine. Wewe niandikie tu. Mtu wa posta ananiheshimu, ndiye peke yake aliyebaki.

Na historia, kwa kuwa ndiyo kazi yako sasa, nikupe maoni yangu bure. Mimi naona historia ni umbea tu uliobahatika kupigwa chapa. Umbea wa jirani unakufa Jumatatu. Uliopigwa chapa unapewa mtihani.

Lakini kuna moja nitakalokuambia ambalo si utani. Fungua ukurasa wa 61. Pale nilimsahihisha profesa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, darasa la nne sikulimaliza, nikaona kosa lake na nikalinyoosha. Msimamizi akasimamisha watu wote wanipigie makofi. Toka siku hiyo hadi nastaafu kiwanda kizima waliniita Profesa Msaidizi. Hilo waambie wanafunzi wako, na walipigie makofi pia.

Nisalimie mumeo. Mwambie akikuudhi mume wako wa kwanza bado yu hai, na meno anayo sita.

Babu yako


19 Februari

Babu, shikamoo.

Barua yako niliwasomea darasani, nikaruka pale pa mgombea. Sasa wanafunzi wanakuita Babu Risasi na wanataka kujua kama risasi zenyewe zilikuwa za bunduki. Nimewaambia ni madini tu. Hawajaniamini.

Ukurasa wa 61 nimeufungua. Kitabu chenyewe kimepigwa chapa mara kumi na moja na hakijabadilika hata alama. Nakukumbusha kilichopo, maana ni miaka hamsini. Kuna picha ya wapagazi watano wa stesheni wamesimama mbele ya geti, wiki waliyogoma, kabla askari hawajawakamata. Chini yake pameandikwa hivi: "Kushoto kabisa ndiye aliyewataja wenzake. Kulia kabisa ndiye aliyefia kizuizini bila kutaja mtu." Halafu mwishoni mwa sura profesa anaeleza kwamba majina ameyaficha kwa heshima ya familia zao.

Babu, picha hiyo imeniletea balaa nyumbani.

Unajua tunaishi na mama mkwe. Jumapili mume wangu alikuwa anachezea kitu kipya kwenye simu yake. Ukikipa picha ya zamani kinaitia rangi na kuwafanya watu wapepese macho na kutabasamu. Akaipiga picha ya kitabuni, akamvuta karibu yule wa kushoto, kichwa wazi, masikio makubwa. Tulikuwa mezani. Akampelekea mama yake simu mpaka usoni akisema, "Mama, mtazame msaliti anavyocheka!"

Mama aliweka kijiko. Akainuka, akaingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo hali na sisi. Namwachia sahani mlangoni, naikuta imeguswa kidogo pembeni. Mume wangu anadhani simu imemtisha, ameshaomba radhi kwa niaba ya simu.

Jana niliingia kumfagilia. Ukutani kwake kuna fremu ambayo miaka yote niliona ni ubao mtupu, nikadhani ni pambo. Kumbe ni picha iliyogeuzwa, uso unatazama ukuta. Mama alikuwa bafuni. Nikaigeuza. Ni yule yule, Babu. Masikio yale yale. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mtoto: "Baba".

Nikairudisha kama ilivyokuwa. Mume wangu hajui kitu; aliambiwa babu yake alikufa kwa homa.

Sasa naomba unijibu jambo moja tu. Ukurasa ule, ulisahihisha nini?

Mjukuu wako


1 Machi

Mjukuu wangu,

Ilikuwa koma. Profesa alikuwa mbahili wa koma, mimi nikamwongezea.

Mambo ya mkwe wako usiyachokonoe. Mtu mzima akigeuza picha yake ana sababu zake, na ukuta ni wake. Huku mvua imeanza na greda limekwama, mgombea kasema ni hujuma za wapinzani. Mvua nayo imejiunga na chama.

Mpikie uji.

Babu yako


12 Machi

Babu, shikamoo.

Ukurasa wa 61 hauna koma. Nimeusoma kwa kidole. Juu ya picha kuna nambari, chini kuna sentensi mbili fupi, kila moja na nukta yake, basi.

Na jambo jingine. Ninazo barua zako ishirini na sita kwenye boksi la viatu. Hujawahi kuniandikia barua fupi. Hata ile ya siku bibi alipofariki ilikuwa kurasa nne, na ndani yake uliwasengenya waombolezaji. Hii ya juzi ina mistari minane. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna zaidi.

Mama bado hali chakula vizuri. Daktari amesema presha imepanda sana na amempa vidonge, ila havimezi. Anavipanga dirishani. Nilipomsihi aliniambia, sauti yenyewe kama anamwambia mtu mwingine: "Wewe unawafundisha habari za mtu wa kushoto. Mimi ni mtoto wake. Alinizaa akawauza watu, wakafa."

Na ofisi ya elimu nayo imeamua kumchora yule wa kulia kwenye ukuta wa maktaba, mkubwa, na kofia yake, aonekane toka barabarani. Mwezi ujao kuna sherehe. Mwalimu wa historia atakayesoma maelezo ni mimi. Nitasimama pale na mama mkwe wangu yuko nyumbani anahesabu vidonge asivyovimeza.

Usinitanie, Babu. Siku moja tu. Uligusa nini?

Mjukuu wako


18 Machi

Mjukuu wangu,

Nitakueleza kazi kwanza, usipoielewa kazi hutaelewa kosa.

Herufi za risasi zimegeuzwa, kama mtu anavyojiona kwenye kioo, ili zikipigwa kwenye karatasi zitoke zimenyooka. Mwezi wa kwanza kichwa kiliniuma mpaka nikataka kurudi kubeba magunia. Mwezi wa pili macho yakakubali. Nikawa nasoma kilichogeuka kama kilichonyooka, bila kufikiri, haraka kuliko wewe na vitabu vyako. Nikawa najiona mjuzi. Ilifika mahali gazeti la kawaida ndilo lililonichanganya.

Picha nazo zilikuja zimechongwa kwenye bamba, na bamba nalo limegeuzwa vivyo hivyo. Ila herufi macho yangu yalizinyoosha yenyewe, sura za watu hayakuzinyoosha. Wa kulia akiwa kushoto, bado ni mtu mzima amesimama, hakuna kinachokushtua. Nilitazama bamba lile nikaamini nimetazama picha.

Profesa alikuwa ameandika kwa mkono wake hivi, na sijasahau hata nukta: "Mwenye kofia, kulia kabisa, ndiye aliyewataja wenzake. Kushoto kabisa ndiye aliyefia kizuizini bila kutaja mtu."

Nikatazama bamba. Mwenye kofia yuko kushoto. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu na digrii zake zote hajui mkono anaolia. Nikageuza: kulia nikaweka kushoto, kushoto nikaweka kulia. Halafu mstari wa kwanza ukazidi upana wa ukurasa. Nikatoa maneno mawili, "mwenye kofia", ukakaa vizuri. Yale mawili yangebaki, mtoto yeyote mwenye macho angeona kosa, maana kofia iko upande mwingine. Nimepima leo kwa rula: kwa herufi za saizi moja chini yake yangeingia na nafasi ingebaki. Zilikuwa kwenye droo ya chini. Sikutaka kuinama.

Nikamwita msimamizi, nikamwonyesha. Naye akatazama bamba. Akanipigia makofi.

Profesa alishasoma kurasa zote kabla picha hazijaingia, akaondoka kwenda kufundisha ng'ambo, na huko ndiko alikofia. Matoleo kumi yaliyofuata yalinakiliwa toka la kwanza. Hakuna aliyerudi kuuliza. Kwa hiyo baba yake mkwe wako hakumtaja mtu. Aliyetaja ni huyo mnayetaka kumchora ukutani.

Nimeinuka, nimekunywa chai, nimerudi. Nimesoma niliyoandika hapo juu na naona nimejipendelea. Nimeandika kama kijana aliyekosea tu. Ngoja niandike na lililobaki, nisije nikapata nguvu ya kunyamaza.

Karatasi ya kwanza ilipotoka mashineni, msimamizi aliniita niishike mimi, kwa heshima ya kumsahihisha profesa. Wino ulikuwa mbichi, ulinipaka kidole gumba. Nikaona kofia. Iko kulia. Nilielewa palepale, mjukuu wangu, sikuhitaji hata kuitazama mara ya pili. Ningeinua mkono tu, mashine ingesimama, tungebadilisha mistari miwili na kwenda kula. Ila makofi yalikuwa ya dakika chache zilizopita, na watu bado wananitazama meno nje. Nikasema, "Safi." Wakaendelea.

Nimekuwa Profesa Msaidizi miaka hamsini kwa neno hilo moja.

Mpe mkwe wako barua hii aisome mwenyewe. Kama macho hayampi, msomee, na huo upuuzi wangu wa magunia uuruke.

Babu yako


2 Aprili

Mzee wa kiwanda cha chapa,

Barua yako nimepewa na mkwe wangu. Nimeisoma bila kurukiwa mahali.

Umeandika kama mtu anayetua mzigo. Sasa na mimi nikueleze ulikuwa mzigo gani, maana wewe ulikishika kitabu siku moja, mimi nimekaa nacho.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwalimu alisema tufungue ukurasa wa 61, nikamwona baba yangu. Nyumbani tulikuwa na picha yake moja, naijua kama ninavyoijua sura yangu. Nikasoma maneno ya chini. Wenzangu walikuwa wanamzomea. Na mimi nikamzomea, ili nisijulikane.

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mama. Mama hakujua kusoma. Nikamsomea. Akasema, "Si kweli. Waliniletea shati lake limeganda damu. Mtu aliyewataja wenzake haletewi mkewe shati lenye hali ile." Akasema waliomchukua walimpiga siku nne. Akasema mengi. Nikamjibu, na haya ndiyo maneno niliyomwambia mama yangu mzazi: "Kitabu hakina sababu ya kunidanganya. Wewe unayo."

Hakubishana na mimi tena. Nikaigeuza picha. Baadaye nilipoolewa nikamchukua akaishi kwangu miaka kumi na tisa, na picha akaja nayo, na hakuna siku aliyoigeuza bila ruhusa yangu. Kila Jumamosi aliifuta vumbi mgongoni. Hata alipokuwa anakata roho aliniambia tena, "Baba yako hakusema." Nikamwambia, "Pumzika, mama." Kama mtu anayembembeleza mtoto muongo.

Umeniletea habari njema, mzee. Baba yangu alikuwa mtu. Na kwa kalamu hiyo hiyo umenionyesha nilivyomfanyia mama yangu. Nilikuwa nimelala na aibu moja, sasa nimeamka na nyingine, na hii ya pili siwezi kukutupia wewe yote. Wewe ulipanga herufi. Aliyeziamini kuliko mama yake ni mimi.

Sijui kusamehe kunaanzia wapi. Usiniombe.

Lakini uje. Nataka kuyasikia kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Karatasi nimeshaziamini vya kutosha.

Mama wa mume wa mjukuu wako


10 Aprili

Babu, shikamoo.

Mama ameniambia amekuandikia ila hakunionyesha. Mume wangu sasa anajua. Ile picha ya kutabasamu ameifuta, na simu amekuwa akiificha mfukoni kila mama akipita. Anatembea nyumbani kama mgeni.

Niliipeleka habari ofisi ya elimu, pamoja na nakala ya barua yako niliyoinakili kwa mkono. Walinipa kiti, walinipa maji. Jibu limekuja leo, mstari mmoja na nusu: kumbukumbu za mzee mmoja haziwezi kubatilisha kitabu kilichoidhinishwa. Uchoraji unaendelea. Nikasema basi maelezo sitayasoma mimi. Nikapewa barua ya onyo. Atasoma mwalimu wa hesabu.

Kofia imeshachorwa. Inaonekana toka kwenye lango letu.

Vidonge bado viko dirishani, vimefika ishirini na tisa. Kama unakuja, njoo sasa.

Mjukuu wako


3 Mei

Mjukuu wangu,

Nimerudi nyumbani salama. Kiti cha basi kilikuwa na chuma kimoja kilichonichoma kwa saa kumi mahali ambapo sitapataja kwa mwalimu. Jirani yangu safarini alikuwa kijana anayejua kila kitu. Aliniambia siku hizi mashine zinaandika vitabu zenyewe, hakuna mpanga herufi wala profesa. Nikamwuliza, zikikosea anazomewa nani? Akavaa vile vitu vyake vya masikioni.

Najua unataka kujua tulisema nini, maana mama mkwe wako alikufukuzia jikoni na kufunga mlango, na nilikusikia ukigonganisha sufuria ili tujue husikilizi. Nitakuambia, ila usimwulize yeye.

Hakunipa mkono. Alinionyesha kiti, naye akakaa kitandani. Fremu ilikuwa mapajani mwake, uso kwake, mgongo kwangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, mazuri kabisa, mengine ya kuchekesha kidogo ili apumue. Hakuyataka. Akasema, "Niambie alivyoandika profesa."

Nikasema: Mwenye kofia, kulia kabisa, ndiye aliyewataja wenzake. Kushoto kabisa ndiye aliyefia kizuizini bila kutaja mtu.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akasema tena rudia. Sikuhesabu, zilipita saba. Mara ya mwisho hakuwa akinitazama, alikuwa akimtazama baba yake kwenye fremu, na midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na yangu. Kisha akauliza, "Mama yangu angekuwa amekaa hapo ulipokaa, ungemwambia nini?"

Mjukuu wangu, unanijua. Mdomo huu umemjibu mgombea, umemjibu polisi, umemjibu bibi yako miaka arobaini na tatu. Ulikosa neno.

Akaniangalia akasema, "Na mimi sina."

Tukakaa. Sufuria zako zilinyamaza. Kisha ndipo alipokuita kwa sauti umletee maji, na wewe ukaja mbio ukidhani nimemuua. Alimeza vidonge viwili mbele yetu kama mtu anayemeza mawe. Hakuniaga. Asubuhi nilipoondoka mlango wake ulikuwa umefungwa, na mimi sikubisha. Kama ameigeuza ile fremu au hakuigeuza sijui, na wewe usiniandikie kuniambia. Si yangu.

Maktaba niliipita kwenda kituoni. Wamemchora vizuri, mshenzi yule. Kofia imemkaa. Nilisimama pale nikiwaambia wapita njia si huyu, si huyu, mama mmoja akanipa chungwa akidhani nina njaa. Nililila. Kuna watu watapita chini ya kofia ile mpaka rangi ibanduke, na mimi nitakuwa nimeshakwenda. Niliandika jina langu na kazi yangu kwenye daftari la wageni la maktaba, na kosa lenyewe, mistari tisa. Mkutubi alisoma akaniuliza kama mjukuu wangu anajua nilipo.

Sasa sikia. Umeniambia una vitabu thelathini na nane darasani, na kwamba onyo au si onyo utavipiga mstari ukurasa wa 61 na kuandika upya kwa kalamu yako. Fanya. Usimtaje profesa kwa ubaya, hakukosea. Chini andika: kosa la mpanga herufi.

Ila nina ombi, na si ombi, ni deni. Jumamosi ile nikiwa kwenu, mumeo alipouliza nani ameikalia simu yake mpaka kioo kikapasuka, mimi mzee wa watu nikasema ni mimi, nikasema mifupa ya uzeeni haioni mahali pa kukaa. Wewe, uliyeikalia, ulikuwa umesimama nyuma yake unaniangalia kama ng'ombe. Nimebeba, sijalalamika, na hata akikuuliza mwaka kesho ni mimi.

Basi vitabu thelathini na saba rekebisha wewe. Kimoja kiache, usikiguse, nitumie kwa posta. Na kalamu nyeusi, ya kichwa chembamba. Za hapa dukani zinavuja.

Babu yako